Jiko la Baba Linawaka Manjano

Jiko la pampu likiwa zima huwaka buluu na kunguruma. La Baba lilikuwa likiwaka manjano na kukohoa.

Alikuwa ameliweka juu ya meza ya saruji uani, nyuma ya jikoni, akalitwika sufuria ya maji ambayo tumbo lake lilishakuwa jeusi tii kwa masizi. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta amesimama mbele yake, mkono wa kulia kautia mfukoni, anautazama ule moto kama mtu anayemsikiliza mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi.

"Mhitimu," aliniita bila kugeuka. Ndilo jina alilonipa tangu nimalize chuo, na mtaani wengine wameshalidaka. "Njoo uone maajabu. Halitaki."

"Limeanza lini?"

"Mwanzo lilikuwa linasita tu. Nikalizibua. Likazidi. Nikalizibua tena. Sasa ndiyo hivi."

"Labda limezeeka."

"Limezeeka nini? Mimi na hili tulianza kazi pamoja."

Lilikuwa jiko la shaba la kubeba safarini, tangi lake la mviringo kama boga dogo, miguu yake ya chuma ya kukunja. Baba alikuwa mpima ardhi, na wapima ardhi wa enzi zake walilala mahemani milimani kwa majuma, wakiweka alama za mipaka. Jiko hilo ndilo lililowachemshia maji. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeweza kuliwasha hata kwenye upepo, wenzake walimwita Bwana Chai. Katika kikosi kile wamebaki watatu: yeye; Darubini, aliyekuwa akichungulia kwenye chombo cha kupimia; na Kamba, aliyekuwa akiburura mnyororo wa vipimo porini. Walikuwa wameahidiana kurudi kwenye kambi yao ya zamani, wakalale hemani siku chache kabla magoti hayajagoma moja kwa moja. Darubini angeleta hema. Kamba angeleta gari. Baba angeleta moto. Kuondoka ni Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kule juu baridi haina adabu. Bila jiko hakuna maji ya moto, hakuna chakula, hakuna safari. Majiko madogo ya gesi Baba hataki hata kuyasikia; anasema upepo wa kule huyazima kama kibiriti.

Nilimwambia aniachie nilitazame. Nilitegemea abishe. Hakubisha. "Vifaa viko kwenye sanduku," alisema. "Tafuta spana ndogo." Akaingia ndani, mkono bado uko mfukoni. Ni huko kutobisha kulikonitia wasiwasi.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

"Unataka kulitengeneza?"

"Nataka kujaribu."

"Mkono wake umeuona?"

Nilikuwa nimeuona. Sote tulikuwa tumeuona, ila hakuna aliyekuwa ameusema. Chai ya Baba siku hizi ilikwenda nusu kikombe, kwa ombi lake mwenyewe, eti asije akaamka usiku kwenda chooni. Mashati ya vifungo yalikuwa yananing'inia kabatini. Alivaa fulana tu. Kidevuni alikuwa na mikato ya wembe. Ukimuuliza, ni baridi. Jua linapasua mawe, ni baridi.

"Basi ufikirie mkono ule," Mama alisema, "ndani ya hema, na chupa ya spiriti. Jiko likifa, safari imekufa, na mimi nitalala usingizi wangu. Kwa hiyo usijifanye fundi sana."

"Na akibaki? Si unajua atakavyokuwa."

"Akibaki atanuna. Kununa hakuunguzi."

Nilirudi uani nikiwa na moyo wa pande mbili. Nikilitengeneza, nitampeleka Baba mlimani na mkono ule. Nisipolitengeneza, nitamkalisha sebuleni akiwasikiliza wenzake kwenye simu wakikumbushia ukungu wa zamani. Nikajiambia nitafute kwanza ubovu, mengine baadaye. Kujua ubovu si dhambi.

Jiko la namna hii si gumu kulielewa. Unamimina spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa chake, unaiwasha, kichwa kinapata moto. Ukipampu, mafuta ya taa yanapanda, yanageuka mvuke ndani ya kichwa kile, na mvuke unachomoka kwenye tundu la nozeli, jembamba kama unywele. Hapo unachanganyika na hewa na kuwaka buluu. Manjano maana yake mafuta yamezidi hewa, au kichwa hakijapata moto wa kutosha.

Nilianza na pampu. Nilichomoa fimbo yake nikakuta kipande cha ngozi kilicho mwishoni kimekauka na kujikunja kama jani lililoanguka. Nikakiloweka kwenye mafuta ya kupikia, nikakikanda mpaka kikalainika, nikatanua ukingo wake kwa kidole. Pampu ikashika vizuri. Nikawasha. Manjano.

Nikamwaga mafuta yote kwenye chupa ya kioo, nikayaacha yatulie, nikatafuta maji chini yake. Hayakuwemo. Nikatia mafuta mengine hata hivyo. Manjano, na moshi juu.

Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa kifuniko na kwenye maungio yote, nikapampu, nikatazama kama kuna pumzi inayotoroka. Hakuna kiputo hata kimoja. Muda wote huo Baba alikuwa akitoka na kuingia. Mara anatafuta kandambili, mara anatazama mawingu. Kila akipita ananitupia neno.

"Vipi, daktari? Mgonjwa atapona?"

"Bado tunapima."

"Pimeni. Ila msimchanje kabla ya Jumamosi."

Nilicheka. Alikuwa ameshatoa viatu vyake vya mlimani na kuviweka kizingitini, vimepakwa rangi, kamba zake zinaning'inia bila kufungwa.

Alasiri nililitia jiko kwenye kikapu nikaenda nalo kwa fundi wa majiko karibu na soko. Alilipindua huku na huku, akalipiga kidogo kwa kucha.

"Dada, hili peleka makumbusho."

"Linawaka, ila manjano."

"Mafuta mabaya hayo. Siku hizi wanachanganya."

"Nimeyabadilisha."

"Basi na uliyobadilishia ni mabaya. Mimi nikuuzie la gesi, uondokane na mateso." Alipoona sitikisiki, alivuta droo akachakura. Nilipata kwake nozeli mpya ya aina ile, pamoja na sindano yake ya kuzibulia: waya mwembamba mno uliobanwa kwenye kibati. Ukiupumulia unatikisika. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimeufunga ndani ya leso kama dawa.

Kabla ya kufungua nozeli ya zamani nilichukua ule waya mpya nikauingiza kwenye tundu lake. Uliingia bila kugusa popote. Ukachezacheza humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Nikaujaribu kwenye nozeli mpya. Humo uliingia kwa kubanwa, kama ilivyotakiwa.

Basi ubovu ulikuwa huo. Tundu lilikuwa limetanuka. Mafuta yalikuwa yakitoka mengi kuliko hewa, na kila lilipozibuliwa lilizidi kutanuka. Lilikuwa likiuawa na dawa yake.

Lakini waya mwembamba hautanui shaba. Nikaanza kutafuta kilichotumika. Spana ndogo nilikuwa sijaiona bado, kwa hiyo nilimwaga sanduku zima la vifaa juu ya gunia. Chini kabisa, chini ya kitambaa, kulikuwa na sindano za kuzibulia za kiwandani, zote zimepinda au zimekatika. Na kando yake kulikuwa na sindano ya kushonea nguo, nene, iliyochomekwa katikati ya kipande cha gunzi la muhindi. Gunzi lilikuwa limesuguliwa kwa msasa likawa laini, likafungwa uzi pale sindano inapoingia isije ikachomoka. Kazi safi. Nililishika kiganjani na kiganja kikajaa.

Nilikaa chini palepale. Alikuwa amejitengenezea mpini. Vidole vyake vilikuwa haviwezi tena kushika kibati kidogo cha kiwandani, basi akatafuta kitu cha kushikwa na kiganja kizima. Kisha akazibua, mkono unatetemeka, sindano nene inachokonoa shaba huku na huku. Jiko likazidi kuwa bovu. Akazibua tena. Yote hayo sisi tukiwa kazini na sokoni, na jioni anatuambia halitaki.

Kivuli cha Mama kiliniangukia. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alitazama gunzi, akatazama zile sindano zilizopinda.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema, lakini taratibu, bila ukali.

"Nimwambie?"

"Ukimwambia limepona, ataondoka. Ukimwambia limekufa, atabaki. Nozeli hiyo mpya unaweza kuitia mfukoni na hakuna atakayejua."

"Na nikimwambia ukweli?"

"Upi? Naona uko wa jiko, na uko wa mkono."

Nilifikiria kuitia mfukoni kweli. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Ningesema fundi kashindwa, na Baba angeniamini, kwa sababu huniamini siku zote, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe. Spana ilikuwa humo kwenye gunia; nikaifungulia nozeli ya zamani, nikaokota vile vitu nikaingia ndani.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa akijaribu kufunga kamba. Aliponiona aliiachia, akaweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwenzake. Nilipiga magoti kwenye mkeka nikapanga mbele yake nozeli ya zamani, nozeli mpya, na gunzi.

"Nani kakuruhusu kupekua sanduku langu?"

"Ulisema nitafute spana."

"Spana hiyo?"

"Baba, tundu limetanuka. Ndiyo maana moto umekuwa wa manjano. Sindano hii ni nene."

"Najua kuwa ni nene." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe unadhani nimekuwa mpimaji miaka yote hiyo nisijue unene wa sindano? Nyembamba zinaniponyoka. Zikitua chini sizioni, nikiziona siwezi kuziokota. Ungefanyaje?"

"Ningemwita mtu."

"Ndiyo. Mwenye miaka yako akimwita mtu, huitwa mwerevu. Mwenye miaka yangu akimwita mtu, kesho yake hanyimwi sindano tu, ananyimwa na kibiriti, kesho kutwa na ufunguo wa mlango."

Nilishika kamba ya kiatu nikaifunga, kwa sababu ilikuwa mbele yangu. Alikubali nifunge.

"Tia hiyo mpya," alisema hatimaye. "Tulione."

Tulitoka uani. Nilikaza nozeli mpya, nikamimina spiriti, nikaiwasha, nikasubiri moto wake ulegee, nikafunga skrubu ya kutolea hewa ya tangi nikapampu. Moto ulisita, ukajikusanya, kisha ukashuka ukawa duara la buluu na kuanza kunguruma mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. Sura ya Baba ilifunguka. Kwa kitambo kidogo alikuwa kijana mmoja hivi nisiyemjua.

"Ndiyo sauti yake," alisema. Halafu: "Zima. Likipoa, naliwasha mimi. Nikiliwasha vizuri, nakwenda. Nikishindwa, mama yako atalala usingizi wake. Si ndivyo alivyosema? Hata mimi nina dirisha."

Mama alikuwa mlangoni. Hakukana.

Jiko lilichukua muda kupoa, au niliona hivyo. Nilitafuta gunia nikaliloweka maji, nikalikunja nikalishika mgongoni ili asilione. Aliliona.

Baba alitoa mkono mfukoni. Alishika chupa ya spiriti kwa mikono yote miwili na kuiinamisha. Mdomo wa chupa uligonga ukingo wa kile kikombe, tititi, kama meno ya mtu mwenye homa. Spiriti kidogo iliingia. Nyingine iliteremka ubavuni mwa tangi, ikatambaa mezani, ikaanza kudondoka karibu na viatu vyake. Aliiweka chupa chini. Alichukua kibiriti. Alikosa mara ya kwanza, akakosa tena, kisha njiti ikawaka.

Nililitoa gunia mgongoni. Njiti ilikuwa juu ya meza iliyolowa, mbali kidogo tu, na Baba alikuwa akiitazama meza, si njiti. Aliona alichokimwaga. Mkono ulizidi kutetemeka, ukatetemeka mpaka moto wa njiti ukazimika wenyewe.

"Mmeona?" alisema. "Unajizima wenyewe. Usalama kazini."

Hakuna aliyecheka, wala yeye. Alirudi nyuma akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikafuta meza kwa gunia, nikafuta tena mahali palipokwisha kukauka. Nilimsikia Mama anapumua kwa kwikwi mlangoni. Alikuwa amepata alichokitaka na hakikumfurahisha.

"Nipigie Darubini," Baba aliniambia. "Weka kwa sauti. Simu yenyewe sitaki kuiangusha."

Nilipiga. Darubini alipokea akiwa tayari anaongea.

"Bwana Chai, hema limetobolewa na panya, lakini tundu ni dogo, tutalala miguu upande huo."

"Nisikilize. Mkono wangu hauwashi kibiriti."

"Umeumia?"

"Unatetemeka. Tangu mvua zilizopita."

Upande wa pili pakawa na kelele za redio, kisha redio ikazimwa.

"Kumbe ndiyo sababu huji tena kunywa kahawa kwangu. Mimi nikasema huyu mtu kaanza kuringa uzeeni."

"Kikombe kingeniumbua mbele ya wajukuu."

"Mjinga wewe. Basi na mimi nikwambie. Jicho la kushoto limekwenda, na la kulia linafuata nyayo. Hilo tundu la panya sikuliona, mke wangu ndiye aliyeliona. Nilipanga nikufiche mpaka tufike juu, ukiniuliza mandhari nikujibu nzuri sana."

Baba aliinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanacheka.

"Tutafanya hivi," Darubini aliendelea. "Mimi nina mkono, wewe una macho. Nitashika kibiriti, wewe unaniambia, kushoto, kulia, chini..."

"Hapana," Mama alisema kutoka mlangoni.

"Shemeji yupo?"

"Yupo, na amesema hapana. Hakuna kipofu atakayewasha moto akiongozwa na mtetemaji. Kuna Kamba."

"Kamba?" Baba na Darubini walisema kwa pamoja. Kisha Baba akaniambia, kama anayetoa ushahidi, "Kamba aliwahi kuunguza maji. Tulimwachia sufuria, tukarudi tukakuta imetoboka."

"Basi atajifunza," Mama alisema. "Aje kesho. Akijifunza, mtakwenda. Asipojifunza, mtakaa wote watatu hapa uani, niwachemshie mimi. Na wiki ijayo, wewe na mimi, hospitali."

"Nikirudi," Baba alisema.

"Siku hiyohiyo utakayorudi, kabla hujaoga."

Kamba alikuja Ijumaa mchana. Ni mnene, mpole, huomba radhi kwa kila kitu hata kwa kiti anachokalia. Nilimwonyesha mara moja jinsi ya kuwasha, kisha Baba akaniambia nisogee. Alisimama upande wa pili wa meza, mkono wake wa kulia uko nje, unatikisika waziwazi, unaelekeza.

"Spiriti kidogo. Umejaza. Punguza kwa kitambaa. Kitambaa weka mbali. Mbali zaidi. Sasa washa."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka moto ulegee."

"Nitajuaje kuwa umelegea?"

"Utajua. Wewe umeoa miaka mingapi?"

Kamba akacheka, na kwa kucheka akapampu mapema. Jiko likatema mafuta, moto wa manjano ukaruka juu hadi usawa wa uso wake. Akaruka nyuma akiomba radhi. Mama alinishika mkono wa juu, kucha zikanizama. Mimi nilishapiga hatua na gunia.

"Acha," Baba aliniambia. Hakuwa amesogea. "Kamba, legeza skrubu ya hewa. Hiyo. Taratibu."

Kamba alinyoosha mkono pembeni mwa moto akalegeza. Pumzi ikatoka, moto ukajikunja, ukafa. Shaba ilibaki na doa jeusi ubavuni.

"Nimeliharibu?"

"Umejifunza kulizima. Hilo ndilo nilitaka ulijue kwanza. Likipoa, tena."

Mara ya pili alisubiri mno, kichwa kikapoa. Mara nyingine jasho lilimdondokea kwenye miwani, lakini alingoja, akapampu, na duara la buluu likajitandaza likaanza kunguruma. Aliliogopa. Alilitazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Nje ya hema," Mama alisema.

"Nje ya hema, shemeji," Kamba alijibu.

"Sikukuuliza wewe."

"Nje ya hema," Baba alisema.

Mama aliutazama moto. Kisha aliingia ndani na mlango ukajifunga. Nikadhani amekwenda kununa, zamu yake. Alirudi amekumbatia lile blanketi zito la kitandani kwao, akamtwika Kamba begani.

"Huyu akilala hujifunua. Uwe unamtazama."

Baba alifanya kama hakusikia. Mimi bado nilikuwa nimeshika gunia lililolowa, maji yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, na sikuwa tayari kuliweka chini. Jiko lilikuwa linawaka vizuri kabisa, na bado nilikuwa naogopa: upepo wa kule, hema lenye tundu, wazee watatu na viungo vyao vya kugawana. Lakini mkono wa Baba ulikuwa nje, juani, na hakuwa akiutafutia mfuko.

"Zima," alimwambia Kamba. "Lipoe. Halafu uwashe tena, na safari hii geuka upande ule, ufikirie kwamba kuna upepo."